Mama Mkwe Alivyong'oa Pevingi Zangu

Mimi ni mfyatua matofali ya saruji. Kiwanda changu, nikijikweza, au uwani kwetu, mke wangu akiniweka sawa, kiko kwenye mteremko pembezoni mwa mji wa Sumbawanga, upande ambao miaka si mingi iliyopita ulikuwa mashamba ya mahindi na ulezi. Nilipohamia, majirani zangu wa karibu walikuwa kunguru. Mvua ikinyesha, ardhi ilikuwa inakunywa taratibu kama mzee mwenye mrija mdomoni na chungu cha pombe mbele yake, hana haraka na mtu.

Kisha viwanja vikapimwa, watu wakajenga. Kila mwaka bati jipya, ukuta mpya, na kila ukuta mpya una mwenye nyumba anayetaka uwanja wake ung'ae. Hao ndio wateja wangu. Niliwauzia pevingi mtaa mzima, vitofali vile vya kupanga chini, na kila aliyenunua nilimwambia maneno yaleyale: "Hapa sasa umeagana na tope, ndugu yangu."

Nilikuwa nasema kweli. Ila sikuwaambia tope limehamia kwa nani.

Wenyeji wananiambia mvua ya Ufipa ya zamani ilikuwa inanyesha siku mbili tatu mfululizo, nyepesi, mtu anajifunika gunia kichwani na kwenda zake sokoni. Siku hizi inachelewa. Tunaitafuta angani mpaka shingo zinauma, halafu inakuja yote saa tisa alasiri, kama imetumwa kumfukuza mtu. Na bati halinywi maji. Saruji nayo haina koo.

Uwanja wangu mwenyewe niliupiga pevingi kutoka ukuta hadi ukuta, kwa sababu ndio uliokuwa duka langu la maonyesho. Nilipima usawa kwa mpira uliojazwa maji, nikaupa mwinamo safi kuelekea getini. Hata tone moja halikutuama. Maji yakitoka getini yanaenda wapi? Sikujiuliza. Fundi pevingi kazi yake inaishia getini.

Yalikuwa yanaenda jikoni kwa jirani yangu wa chini.

Huyu jirani ni nesi mstaafu, mjane, mwanamke mrefu mwenye ukimya unaotisha kuliko kelele. Jiko lake ni kibanda cha nje, mlango wake umeelekea getini kwangu. Mvua kubwa ya kwanza baada ya kumaliza uwanja wangu, alinijia na beseni. Ndani kulikuwa na kandambili ya mwanangu, mfuniko wa sufuria, na kifaranga kimoja, kizima, kimekasirika.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Mvua imenipa mzigo wako nikuletee."

Mara ya pili alileta mwiko wangu wa kupigia plasta. Mara ya tatu alikuja mikono mitupu, sketi imelowa mpaka magotini. "Leo nimekuja mwenyewe tu," akasema. "Vitu vyako vimepita, nilishindwa kuvikimbilia."

Aibu iliniingia, lakini haikukaa. Nilichofanya ni ujanja. Nilisubiri aende misa ya asubuhi, nikajenga tuta dogo la saruji pale getini ili maji yapinde kushoto, yafuate njia ya miguu, yaende mbele huko kwa Mungu. Mvua iliyofuata maji yalipinda kushoto vizuri kabisa. Yakafuata njia ya miguu, yakazunguka nyumba ya mama yule, na kuingia sebuleni kwake.

"Naona sasa unayapitisha mlango wa mbele," akaniambia, "kama wageni wa heshima."

Akanipeleka kwenye mkutano wa mtaa. Nilijiandaa. Nilivaa koti. Nikasimama nikasema ndugu wananchi, tusilaumiane, dunia nzima imebadilika, haya mnayoyaona ni mabadiliko ya tabianchi, hata huko Ulaya wanalia. Nilisema vizuri mpaka mimi mwenyewe nikaihurumia Ulaya. Watu wakapiga makofi, hasa wale wenye pevingi zangu.

Jirani yangu akanyoosha mkono. "Nina swali moja, mwenyekiti. Hiyo tabianchi inakaa kwake? Maana mimi huwa naiona inatokea getini kwake."

Makofi ya safari hii yalikuwa makubwa zaidi. Mwenyekiti akasema suala limepokelewa. Sote tunajua maana yake.

Mambo yalikuwa hapo mama mkwe wangu alipofika kutoka Mpui. Alikuja kupima presha, na daktari akataka aonekane kila Ijumaa kwa muda, kwa hiyo akakaa. Lazima nieleze kidogo kuhusu mimi na yeye. Wazazi wangu ni Wasukuma waliohama na ng'ombe wao mpaka Kaoze, kule bondeni, na mimi nililelewa hivi: mama mkwe humkazii macho, huli naye sahani moja, na humwambii "hapana". Yeye naye, Mfipa wa kanisa na jembe, aliheshimu hilo kupita kiasi. Hakuwahi kuniambia neno moja kwa moja. Akitaka kuniambia kitu alimtumia mke wangu, hata kama sote watatu tuko chumba kimoja. "Mwambie mumeo chai imepoa." Na mke wangu ananigeukia: "Mama anasema chai imepoa." Kama mke wangu hayupo, alimtumia kuku.

Wiki ya kwanza alikaa kibarazani akiutazama uwanja wangu. Mvua ikanyesha. Aliangalia maji yanavyoteleza mpaka getini, akamwambia mke wangu kwa Kifipa, akidhani mimi sisikii, "Huyu baba wajukuu zangu ameuvika uwanja viatu. Sasa utakunywa maji kwa mguu gani?"

Nilisikia. Kifipa changu ni cha kununulia mbuzi, lakini hilo nililielewa. Nikajifanya natafuta nyundo.

Jumanne nilikwenda Laela kupeleka matofali kwa mnunuzi mmoja wa mahindi aliyekuwa anajenga ghala. Kazi ilinishika siku mbili. Huyu bwana alikuwa na shida: uwanja wa ghala lake la zamani ulikuwa unajaa maji, magunia ya chini yanaota ukungu na kuharibika. Nikamwambia dawa ni pevingi. Nikamsifia uwanja wangu mpaka akasema, "Basi Jumamosi nakuja Sumbawanga, nione kwa macho yangu."

Alhamisi mchana nikarudi nikipiga mluzi. Nikafungua geti.

Katikati ya uwanja wangu kulikuwa na shimo.

Si shimo la kuku kuchakura. Shimo la kunifika kiunoni, pana kama kitanda, limejazwa mawe na vipande vya matofali yangu yaliyovunjika. Pevingi zilizong'olewa zimepangwa pembeni kwa adabu, moja juu ya nyingine. Kulizunguka shimo kulikuwa na matuta ya duara, yale ya Kifipa ambayo majani yanafukiwa chini ya udongo uliopinduliwa ili yaoze, na juu yake maharage yamekwisha pandwa. Mwinamo wangu niliopima kwa mpira wa maji ulikuwa sasa unaishia kwenye shamba.

Nilisimama pale na begi mkononi. Mke wangu akatoka jikoni akifuta mikono kwenye kanga, uso wa mtu aliyeshindwa vita siku mbili kabla.

"Nani kafanya hivi?"

"Mama."

"Kwa nini?"

"Daktari alimwambia afanye mazoezi mepesi."

Mama mkwe alikuwa kibarazani anachambua mchele. Nilikuwa na maneno mengi kifuani, na hakuna hata moja ambalo mkwe anaruhusiwa kulisema. Nikamgeukia mke wangu, nikapaza sauti kidogo.

"Mwambie mama nimeshukuru kwa kazi. Ila Jumamosi kuna mteja anakuja kuona pevingi."

Mke wangu akageuka. "Mama, anasema ameshukuru, ila Jumamosi—"

"Nimesikia," akasema mama mkwe. "Mwambie ataziona. Nimeziacha nyingi tu."

Usiku ule nililala na hesabu moja kichwani. Kesho ni Ijumaa. Wataondoka saa mbili kwenda hospitali, foleni ya presha ni ndefu, hawarudi kabla ya saa nane. Saa sita zinanitosha. Nitafukia, nitashindilia, nitarudisha pevingi zangu, na mama akirudi nitasema, sijui nitasema nini, nitamtuma mke wangu aseme.

Wakaondoka. Nikavua shati. Nilikuwa nimemwaga karai la tatu la udongo niliposikia mtu anakohoa kwa upole. Jirani yangu nesi alikuwa amesimama getini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Endelea tu, mwanangu, mimi napita."

Hakupita. Nikajaribu kuendelea, lakini ni vigumu kufanya uhalifu mbele ya mtu mwenye miwani.

"Hilo jembe lililoegemea ukuta," akasema, "unalifahamu?"

Nikaliangalia. Mpini mweusi, umefungwa kitambaa cha bluu. Halikuwa letu.

"Ni langu," akasema. "Mama mkwe wako alichimba, mimi nikabeba mawe. Tulijuana kwenye jumuiya ya kanisa, wiki ile ya kwanza. Mama wa watu mcheshi sana. Alikuambia?"

"Hajaniambia."

"Hajakuambia, kweli, mkwe hasemi." Akaliangalia karai mkononi mwangu. "Sasa ukilifukia, akirudi itabidi nimweleze ni nani kafukia. Siwezi kusema uongo, kesho ni zamu yangu ya kuongoza sala."

Nilifikiria sura ya mama mkwe akiambiwa kwamba mkwewe wa Kisukuma, mtu wa heshima, alisubiri aende hospitali ndipo avunje kazi ya mikono yake. Habari ingefika Mpui kabla ya basi.

"Mimi nilikuwa napima kina tu," nikasema.

"Basi kipime vizuri. Na udongo uliomwaga, utoe."

Nikautoa. Alisubiri mpaka karai la mwisho.

Jumamosi mchana yule mnunuzi wa mahindi akafika, mtu mnene wa haraka haraka. Nilikuwa nimeegesha toroli mbele ya shimo, juu yake nimetandaza turubai kubwa lililofunika mpaka matuta. Nikamtembeza upande wa ukutani, nikamwonyesha jinsi viungo vilivyonyooka. Alipiga pevingi kwa kisigino, akaridhika. Akaniuliza toroli lile limebeba nini. Nikasema vifaa. Wakati huo wingu lilikuwa limetanda upande wa milima ya Mbizi, jeusi tii, na kabla hajaniuliza la pili mvua ikashuka.

Tulikimbilia kibarazani. Ilikuwa mvua ile ya kutumwa. Upepo ukanyanyua turubai, ukalitupa ukutani, na toroli likabaki limesimama peke yake pembeni ya shimo kama shahidi aliyekataa kununuliwa.

Maji yakaanza kuteleza juu ya mwinamo wangu. Safari hii yalifika katikati, yakaingia kwenye yale mawe, yakapotea. Yanakuja mengine, yanapotea. Mnunuzi wa mahindi aliacha kufuta uso. Akasogea ukingoni mwa kibaraza.

"Yanakwenda wapi?"

"Chini," nikasema.

"Hayatoki nje?"

"Hayatoki."

"Kitu hiki mnakiitaje?"

Naapa sikupanga. Mdomo wangu ulinitangulia, kama ulivyozoea. "Huu ni mfumo wa kisasa wa kunywesha ardhi maji ya mvua," nikasema. "Pevingi na shimo vinakwenda pamoja. Unaona yale matuta? Yanazuia udongo usizibe mawe. Na maharage ni faida ya juu. Mimi nilianza kwangu kwanza, siwezi kumuuzia mtu kitu ambacho sijakijaribu."

Nyuma yangu, ndani ya dirisha lenye pazia, nikasikia sauti ikimwambia kuku aliyejificha mvua chini ya benchi: "Umesikia, kuku? Kumbe mimi ni mfumo wa kisasa."

Nikakohoa kwa nguvu. Mnunuzi akaniuliza nani anaongea. Nikasema ni mama, anasali.

Tatizo ni kwamba mvua haikuacha. Baada ya muda shimo likajaa, maji yakachungulia juu ya mawe, na mkondo mwembamba ukaanza kuelekea getini. Nikaanza kuongea kwa sauti juu ya bei ya saruji, lakini yule bwana alikuwa na macho ya mtu anayepima magunia.

"Na yale yanayotoka?"

Nilikuwa bado natafuta jina la kisasa la yale yanayotoka, mke wangu akatokea mlangoni. Alikuwa anajitahidi sana asicheke. "Mama anasema nikwambie shimo ni dogo," akasema. "Anasema alitaka kuchimba mawili, ila wewe ukarudi mapema."

Mnunuzi wa mahindi alicheka mpaka akashika nguzo. Alipopata pumzi akamwamkia mama mkwe kupitia dirishani, shikamoo ndefu ya adabu, na kuanzia hapo hakunitazama tena. Alimuuliza yeye. Uwanja wa ghala una urefu huu na huu, maji yanatokea barabarani, achimbe wapi? Mama mkwe, ambaye kwangu alikuwa bubu, alimjibu nusu saa nzima. Alimwambia asiupige pevingi wote, aache kanda za nyasi. Alimwambia achimbe juu, maji yanakoingilia, asingoje yafike kwenye magunia. Alimwambia akimbizane na maji yakiwa bado watoto.

Mvua ilipokatika na mgeni kuondoka, nilishuka kwa jirani. Sikujua nakwenda kusema nini. Nilikuta mlango wa jiko lake wazi, yeye yuko ndani anafagia maji. Yalikuwa machache, ya kufika kwenye vifundo vya miguu tu. Sikuwahi kuingia mle. Ukutani kulikuwa na mistari ya tope, mmoja juu ya mwingine, kama alama za kupimia urefu wa watoto. Jiko lake la mkaa lilikuwa limeinuliwa juu ya matofali sita ya saruji.

Niliyatambua. Kila mfyatuaji anajua kingo za matofali yake. Aliyanunua kwangu mwaka uliopita, nikamhesabia mwenyewe, nikamwambia karibu tena mama. Nilikuwa nimemuuzia ngazi ya kukimbilia maji yangu.

Nilichukua fagio mkononi mwake. Hakukataa. Nikafagia maji mpaka mlangoni, naye akasema, "Leo yamekuja kidogo. Mwambie mama nimeshukuru."

"Nitamwambia," nikasema. "Kesho nachimba la pili."

"Kesho Jumapili."

"Basi Jumatatu."

Jumatatu nililichimba mwenyewe, karibu na geti, na tuta langu la ujanja nikalivunja kwa nyundo. Mama mkwe alisimamia kutoka kibarazani. "Kuku, mwambie huyo fundi upande wa kulia bado." Nikachimba kulia. Baadaye tukaweka mfereji wa bati na simtanki, maji ya paa yasifike chini kabisa, na mtaa ulipokutana tena nilisimama, bila koti safari hii, nikasema maji yanatoka kwangu kweli, na yanatoka pia kwa kila mtu niliyemuuzia pevingi, na niko tayari kuja kung'oa mistari miwili mitatu ya kila uwanja. Hakuna aliyepiga makofi. Watu hawapendi kung'olewa. Wanne walikubali siku ileile, wawili baada ya mvua iliyofuata, wachache wa juu bado wanakataa, na mmoja wao mpaka leo anasema nimerogwa na ukwe. Siku moja tulitoka wote na majembe tukachimba mtaro wa pamoja mpaka kwenye kijito, na jirani yangu nesi akatuandalia uji wa ulezi kwenye jiko lile lile.

Mama mkwe presha yake ilishuka. Daktari alimuuliza anafanya mazoezi gani, akasema anakaa tu na wajukuu. Alirudi Mpui maharage yalipokomaa, akiwa ameyavuna yote na kuyabeba, hata kikombe hakutuachia.

Mimi sasa nafyatua pevingi zenye matundu, nyasi zinaota katikati, na watu wanazipenda kuliko zile za kwanza. Yale mashimo mawili nayasafisha kila mwezi wakati wa masika. Maji ya majirani wa juu, wale ambao bado hawajakubali, huja na mchanga mwingi na kuniachia humo. Ni mchanga mzuri. Ninauchekecha, ninaukausha, na ninautumia kulazia pevingi za wateja wapya. Mwezi uliopita mmoja wao, yule anayesema nimerogwa, alikuja kununua toroli mbili za mchanga. Akauchota kiganjani, akausifu, akaniuliza ninautoa wapi.

Nikamwambia unatoka mbali kidogo, juu huko.